Supu Niliyoinyamazia

Kazi yangu pale kliniki ni kushika. Daktari anadunga, anashona, anang'oa jino; mimi nashika. Nimewashika mbwa na paka wa Nakuru kwa miaka ishirini na miwili, na mgongo wangu unakumbuka uzito wao kuliko ninavyokumbuka sura zao. Nafagia pia, nafua mataulo, nachemsha vifaa, nawapokea wateja mlangoni na kuandika kitabuni mnyama ameletwa na shida gani. Jioni miguu huwa imevimba hadi viatu vinaacha alama.

Daktari wa kwanza niliyefanya kazi naye alikuwa mzee wa maneno machache. Asubuhi alitibu ng'ombe wa Subukia, mchana mbwa wa mjini. Alipochoka aliiuza kliniki kwa daktari mwanamke ambaye kwa umri ni binti yangu kabisa. Huyo aliikuta meza ya chuma, friji inayonguruma, mizani, na mimi. Alinikuta nikiwa nimechoka tayari.

Alikuja na kitu kimoja tu ambacho sikuwa nimewahi kukiona: boksi la sindano nyembamba kama unywele. Alikuwa amekwenda kuzisomea nje ya nchi. Siku ya kwanza aliponionyesha nilimuuliza dawa inakaa wapi.

"Hakuna dawa ndani, mama."

"Sasa zinatibu na nini?"

"Zinaamsha mwili wenyewe. Mishipa, damu, misuli iliyokaza. Si za kila ugonjwa. Mbwa akiwa na homa ya kupe nitampa dawa ya homa ya kupe. Hizi ni za maumivu, hasa ya wale waliozeeka."

Nilicheka. Sikumcheka yeye, nilicheka vile mtu hucheka akiongezewa mzigo. Nilikuwa nimefika umri wa kutotaka kufundishwa kitu kipya. Mama mmoja wa kanisani kwetu, aliyekuwa amemleta paka wake, aliona boksi lile likiwa wazi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama hayo si mambo ya majini. Nikamwambia sijui. Akambeba paka wake akaenda zake, na kusema kweli sikumlaumu.

Lazima nieleze kwa nini mimi, kati ya watu wote, nilikuwa mgumu kwa matibabu yoyote yasiyotoka kwenye chupa yenye lebo. Nilizaliwa kwenye nyumba za reli. Babu yangu alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli, na sisi tukabaki hapa. Mama yangu alitibu kila chenye uhai uani kwetu. Kuku waliwekewa shubiri kwenye maji ya kunywa, mbuzi wa jirani aliyeumia alipakwa majivu kwenye kidonda, na mara nyingi walipona. Lakini nilikuwa na paka wangu mwenyewe, wa kijivu, na alipopata viroboto mama alimpaka mafuta ya taa mwili mzima. Paka akajilamba mchana kutwa. Kufikia jioni alikuwa anatetemeka na kutoa povu, na akafia chini ya meza ya jikoni. Mama hakuwa na nia mbaya. Alilia kuliko mimi.

Kwa hiyo nilipopata kazi kliniki, na kupewa kiti cha mlangoni, nikawa mkali. Mtu akiniambia amempaka mbwa oili chafu ya gari kwa sababu ya upele, nilimgombeza mbele ya watu. Akisema amempa maziwa mbwa aliyekula sumu, nilimgombeza. Daktari mzee alikuwa akicheka na kusema mama wa mlangoni ni mkali kuliko kichaa cha mbwa. Niliichukua kama sifa.

Mzee mmoja wa Mau Narok alikuja siku ya Alhamisi, ndani ya pikapu iliyokuwa ikileta viazi sokoni. Dereva alimsaidia kumshusha mbwa kutoka katikati ya magunia. Alikuwa mbwa mkubwa wa rangi ya udongo, mdomo umekuwa mweupe, miguu ya nyuma inaburuzika kama si yake. Mzee alikuwa amevaa koti la zamani la ulinzi, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni.

"Huyu mbwa ako na miaka mingapi?" nikamuuliza.

"Kumi na moja, ama kumi na mbili. Tumelinda naye shamba la ngano. Mimi nilipostaafishwa, walisema na yeye amekwisha, watamfyatulia risasi. Nikawaambia nipeni." Akamtazama mbwa. "Tulitoka getini pamoja siku ileile."

Daktari alimpima, akampeleka kupigwa eksirei, akarudi na picha akamwonyesha mzee jinsi mifupa ya nyonga ilivyolika. Akamwambia ukweli, kwamba nyonga hizo hazitarudi kuwa mpya. Akampa vidonge vya maumivu vya kumeza kila siku pamoja na chakula, akamwambia apunguze ugali kwa sababu mbwa amekuwa mzito, kisha akamweleza habari za sindano.

"Ngapi?" mzee akauliza.

"Kumi na mbili, kila Alhamisi, kwa muda."

"Zote kwa mbwa mmoja?"

"Zote kwake."

Mzee akafikiri. "Ng'ombe wetu zamani walichomwa kwa chuma moto mguu ukivimba. Hizi zako angalau ni nyembamba. Dunga."

Hatukuweza kumwinua juu ya meza, kwa hiyo tulitandika blanketi sakafuni. Nikakaa chini, mgongo ukutani, kichwa cha mbwa mapajani mwangu. Daktari alizichomeka moja moja, mgongoni, nyongani, nyuma ya goti. Mbwa alitetemeka kwenye sindano mbili za kwanza, kisha akaacha. Daktari akasema tunyamaze dakika ishirini. Akazima simu yake, akanitaka na mimi nizime yangu, akatoka kwenda kumhudumia mteja mwingine.

Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini mtu kunitaka nikae dakika ishirini bila kufanya chochote. Nilisikia friji. Nilisikia mzee akipumua kwenye kiti chake. Baada ya muda mbwa akashusha pumzi ndefu, mdomo ukalegea, mate yakaanza kunilowesha sketi, akalala. Na mimi nikalala. Daktari aliporudi kuzitoa sindano alitukuta wote watatu macho yamefumba.

Sitaki kusema aliinuka akakimbia. Aliinuka akapanda ile ngazi moja ya mlangoni bila kuanguka, basi. Alhamisi ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Ya tatu, mzee aliripoti kwa furaha aliyoionea haya kwamba sasa mbwa anaweza kuchutama na kukojoa bila kuangukia mkojo wake. Ni vidonge vilivyofanya hivyo, au sindano, au kupunguziwa ugali? Sikujua, na daktari mwenyewe alikiri kwamba hawezi kutenganisha. Nilichojua ni kwamba Alhamisi nilikuwa naamka asubuhi nikiwa na nafuu kidogo kuliko siku nyingine.

Alhamisi ya tano nilikuwa peke yangu. Mwenzangu aliyekuwa akisaidia kazi alikuwa ameacha wiki hiyo, na tangu asubuhi nilikuwa nimeosha vizimba vyote, nimeshika mbwa wawili wa kushonwa na kusafisha matapishi mara tatu. Wakati daktari ananawa mikono chumba cha ndani, mzee aliinamia dirisha langu la mapokezi.

"Mama, nikwambie kitu. Si sindano peke yake."

"Ni nini kingine?"

"Supu. Kuna mti kule kwetu msituni." Akautaja kwa lugha ya kwao, jina ambalo sikulishika. "Nachemsha magome na mifupa. Mimi nakunywa kwa sababu ya magoti yangu, tangu nikiwa kijana. Nikaona nisimnyime mwenzangu. Nikinywa kikombe, yeye kikombe."

"Kila siku?"

"Asubuhi na jioni." Akatazama mlango wa ndani. "Lakini usimwambie daktari. Ni mtoto, amesoma sana, amejitahidi na hizo sindano zake. Akisikia supu atavunjika moyo."

Siku nyingine yoyote ningemgombeza. Ningesimama, ningetoa habari za mafuta ya taa, watu wote kwenye benchi wangesikia. Siku hiyo nilikuwa nimevua kiatu kimoja chini ya meza, na kitu pekee nilichotaka ni kukaa sakafuni na kile kichwa kizito mapajani. Nikijua kuwa nikimwambia daktari kutakuwa na maswali, na maelezo, na mzee kuaibika, na kazi kuongezeka, nikasema, "Sawa, mzee."

Kitabuni kuna sehemu ya kuandika dawa nyingine anazopewa mnyama. Nilipiga mstari, maana yake hakuna.

Wiki mbili baadaye hakutokea Alhamisi. Alikuja Jumamosi asubuhi, kwenye pikapu ileile, lakini bila viazi. Dereva alikuwa ameletwa na shida ya mzee tu. Mbwa alikuwa amefunikwa gunia. Alikuwa ametapika tangu alfajiri, kitu cheusi chenye punje kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, na kinyesi chake kilikuwa cheusi kama lami. Daktari alimwinua mdomo. Ufizi ulikuwa mweupe.

"Anavuja damu tumboni," akasema. "Mzee, amekula nini? Kuna sumu ya panya nyumbani?"

"Hakuna."

"Kuna mtu amempa dawa yoyote? Ya watu? Ya ng'ombe?"

Mzee akasema hapana. Lakini alipokuwa akisema alinitazama mimi, na nikayaona macho yake, na nikaangalia chini. Nilikuwa nimeshika mguu wa mbele ili daktari atafute mshipa wa kuwekea dripu. Alikosa mara ya kwanza kwa sababu damu ilikuwa kidogo. Akajaribu tena, akapata, akaanza kufunga plasta. Muda wote huo nilinyamaza. Ukiuhesabu ulikuwa muda mfupi, lakini naujua vizuri kuliko muda mwingine wowote wa kazi yangu.

"Ni supu," nikasema. "Anampa supu ya magome. Aliniambia. Ni wiki mbili sasa tangu nilipojua."

Daktari hakuinua kichwa. Alimaliza kufunga plasta, akafungua dripu, akahakikisha inadondoka. Kisha akamgeukia mzee, na sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo, jambo lililoniuma zaidi.

"Hayo magome yanatuliza maumivu, si ndiyo?"

"Ndiyo. Yanatuliza kweli."

"Nakubali. Na vidonge vyangu vinatuliza. Nafikiri vinafanya kazi kwa njia moja, na vyote viwili vinakwaruza tumbo. Kimoja peke yake tumbo linaweza kuvumilia. Vikiwa viwili kila siku, ndiyo haya."

Mzee akakaa chini, akavua kofia. "Kwa hiyo nimemuua na mkono wangu."

"Bado hajafa," daktari akasema.

Tukafanya kazi. Vidonge vilisimamishwa, akapewa dawa ya kufunika tumbo, dripu ikaendelea. Mchana, mbwa alipotulia kidogo, daktari alikuja nyuma nilikokuwa nafua lile gunia, akageuza ndoo akaikalia.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

Nilitafuta jibu zuri. Ningeweza kusema mzee alinikataza, na ingekuwa kweli nusu. "Nilikuwa nimechoka," nikasema.

Maji ya gunia yalikuwa meusi, nikayamwaga, nikaweka mengine.

"Mimi pia nimechoka," akasema mwishowe. "Lakini nikikosa kuambiwa, naweza kuua."

"Najua."

"Ninakutegemea wewe kule mlangoni. Mimi watu hawaniambii kitu."

Mzee alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta, hatukumwona alipokuja. "Daktari, mimi ndiye nilimkataza," akasema. Halafu akanigeukia. "Nilifika hapa siku moja kabla, kuulizia tu, kabla sijamleta mbwa. Nikakuta unamfokea mama mmoja kwa sababu alimpaka paka yake sijui nini. Yule mama aliinama kama mtoto wa shule. Nikasema, hapa mtu hasemi mambo ya nyumbani kwake."

"Lakini uliniambia," nikasema.

"Ulikuwa umelala na mbwa yangu. Nikaona mtu kama huyo hatanifokea."

Miaka ishirini na miwili nilidhani ukali wangu unawaokoa wanyama. Kumbe watu walikuwa wamejifunza tu kufika dirishani kwangu na kusema, "Hakuna, sijampa kitu," na mimi nikawa naandika hivyo kwa mwandiko mzuri.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilikaa na mbwa, nikabadilisha dripu kwa maelekezo, nikamgeuza upande kila saa ili asipate vidonda. Jumatatu alilamba maji. Jumanne alikula uji mwepesi wa wali na kuku, akainua mkia kidogo mzee alipoingia, na mzee akaenda kusimama nje ametupa mgongo, akabaki huko muda.

Tumbo lake halikuwa la kuaminika tena. Daktari alisema vidonge vile havitarudi, na supu hairudi pia. Alimwomba mzee amletee kipande cha gome, akakinusa, akakiweka kwenye karatasi na kuandika jina kama mzee alivyolitamka, herufi kwa herufi. Tukabaki na yale ambayo hayapiti tumboni: sindano, nguo iliyochovywa maji ya moto, kukanda. Nilijifunza kukanda kwa kumwangalia daktari, na nikamfundisha mzee, vidole gumba pande mbili za uti wa mgongo, polepole, kamwe si juu ya mfupa wenyewe. Mikono yake ilikuwa migumu lakini haikuwa na haraka. Alitengeneza kitanda cha nyasi za ngano nyuma ya jiko lake ili mbwa asilale kwenye udongo wenye baridi. Maumivu hayakwisha, ila yalipungua kiasi cha mbwa kutembea hadi kwenye uzio na kurudi.

Nami nikabadilisha swali langu la mlangoni. Sikuuliza tena, "Umempa nini?" kama askari. Niliuliza, "Nyumbani mmemsaidia na nini?" kisha nikanyamaza. Mwanzo watu hawakuniamini, hasa wale walionijua. Baadaye yakaanza kutoka. Manjano na mafuta ya nazi. Maji ya tumbaku kwa viroboto. Mwarobaini uliochemshwa. Kidonge cha bibi cha magoti, kilichokatwa nusu, ambacho kwa paka ni sumu. Maombi. Maziwa ya mbuzi mweusi, wala si mweupe. Mengine hayana neno, mengine yanasaidia kweli, na daktari akayaachia yaendelee; mengine nilikuwa nakimbia kumwita kabla mteja hajamaliza sentensi. Kazi hii inachosha kuliko kugombeza. Ukigombeza, mtu anaondoka. Ukisikiliza, anakaa, na benchi linajaa. Kuna siku natamani ule ukali wangu kama mtu anavyotamani sigara aliyoiacha.

Msimu wa baridi mbwa hakuletwa tena, kwa sababu kutikiswa kwenye pikapu kulimuumiza. Mzee alituma salamu kupitia dereva: anakula kidogo. Halafu: hali chochote. Jumapili moja daktari alinipitia na gari lake tukapanda Mau Narok.

Ngano ilikuwa bado fupi na upepo ulikuwa unapita juu yake bila kitu cha kuuzuia. Mzee alitupokea nje, koti limefungwa hadi shingoni. Mbwa alikuwa kwenye nyasi zake, amekonda, macho yana ukungu, lakini alikuwa safi, hana kidonda hata kimoja, na manyoya yamechanwa. Nimeona mbwa wa watu wenye mali wakiletwa kufa wakiwa na hali mbaya kuliko ile.

Daktari alimpima kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mzee, sindano zangu zimefika mwisho wake."

"Nilijua. Nilitaka useme wewe." Akamwekea mbwa mkono kichwani. "Kuna ile nyingine."

"Ipo."

"Haimuumi?"

"Analala kwanza. Baada ya hapo hasikii kitu."

Mzee aliomba tumtoe nje, kwenye jua. Tukambeba na blanketi, watu watatu, na hakuwa mzito tena. Mzee ndiye aliyemshika kichwa. Mimi nilishika mguu, daktari akafanya kazi yake. Mzee alikuwa akimwambia maneno kwa lugha yao, ya kawaida, kama mtu anayemkabidhi mwenzake zamu. Mara daktari akaweka kipima moyo kifuani, akasikiliza, akatikisa kichwa: umesimama.

Tulikunywa chai yenye maziwa mengi, tumesimama. Mzee hakutaka tusaidie kuchimba. Akasema shimo atalichimba mwenyewe polepole, ana siku nzima.

Tukishuka kuelekea Njoro mvua ya mawe ilianza, ikabidi gari liende polepole kama mwendo wa mguu. Daktari aliendesha amekaza macho kwenye kioo.

"Mama, wewe unaziamini zile sindano?"

Nikafikiri. "Sijui. Naamini zile dakika ishirini."

"Kuna siku hata mimi sijui," akasema. Baadaye akaongeza, "Lakini alikuwa anatembea hadi kwenye uzio."

"Alikuwa anatembea."

Alinishusha karibu na kwangu, akaniambia nisije mapema kesho, ingawa sote tulijua kuna paka wa kushonwa saa mbili. Jua lilikuwa bado halijazama. Nikaosha miguu, nikalala bila kula.